SOMO LETU: KUFUFUA NYUMBA KUUKUU YA MBAO KANDO YA MSITU



Pande za Nyandarua, Mau na Mlima Kenya bado kuna nyumba kuukuu za mbao karibu na msitu. Vikundi vinatuuliza kama nyumba ya namna hiyo inaweza kutengenezwa iwe mahali pa mikutano, pa kuweka asali, au pa kulaza wageni, na huko stima haijafika. Ndiyo, inaweza. Lakini pesa za kikundi ni jasho la watu, na tumeziona zikienda kwa rangi na sola huku paa linavuja. Nyumba ya mbao huuawa na maji kuliko uzee. Basi tufuate mpango huu.

1. Karatasi kwanza

Nyumba ni ya nani? Na ardhi je? Kama iko kwenye shamba la mtu, andikianeni mkataba mbele ya mashahidi, useme kikundi kitaitumia miaka mingapi. Mkitengeneza bila maandishi, mwenyewe anaweza kuwatoa siku ya kwanza baada ya kazi kwisha. Kama iko ndani ya msitu wa serikali, sheria ya misitu ya mwaka 2016 hairuhusu kujenga wala kukata mti bila kibali. Anzeni kwa chama cha jamii cha msitu (CFA) na afisa wa misitu (KFS).

2. Kuikagua

Chukueni bisibisi, mdunge kila nguzo karibu na udongo, na mbao zilizo chini ya madirisha. Ikizama bila nguvu, hapo pameoza. Tafuteni pia vijia vya udongo vya mchwa. Mbao za mutarakwa hukaa miaka mingi, lakini saipresi isiyotiwa dawa huoza upesi ikigusa udongo.

Kama paa ni la asbesto, yale mabamba ya kijivu kama simiti yenye mawimbi, msiyavunje, msiyakate, wala msiyasugue. Vumbi lake huleta kansa ya mapafu, na Kenya ilipiga asbesto marufuku mwaka 2006. Ulizeni NEMA ni nani ana leseni ya kuiondoa.

Mavi ya panya na popo yasifagiwe makavu. Nyunyizieni maji yenye klorini kwanza, na mjifunge kitambaa puani na mdomoni.

3. Paa, halafu miguu

Badilisheni mabati yaliyotoboka kabla ya kugusa kitu kingine. Paa lipite ukuta vizuri ili mvua isipige mbao. Chimbeni mtaro upande wa juu wa mlima ili maji yazunguke nyumba.

Nguzo iliyooza chini tu si ya kutupwa. Fundi huinua boriti kwa jeki na magogo, hukata sehemu mbovu, kisha huweka jiwe au zege chini ili mbao isiguse udongo tena. Hii ni kazi ya fundi mzoefu. Wakati jeki iko kazini, mtu yeyote asiingie ndani.

4. Maji ya mvua

Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ya paa la mabati ni lita 1. Paa la mita 6 kwa 5 ni mita mraba 30. Mvua ya milimita 20 italeta lita 600. Toeni moja kwa tano inayopotea, mnabaki na lita 480. Maji ya kwanza baada ya kiangazi mwageni, yana vumbi na mavi ya ndege. Ya kunywa chemsheni.

5. Moto na moshi

Huko juu usiku ni baridi, na mtu anataka kufunga kila tundu. Msilale kamwe na jiko la makaa ndani. Makaa hutoa gesi isiyoonekana wala kunuka, na watu hulala wasiamke. Bomba la moshi lisiguse mbao, na ndoo ya mchanga isikose karibu.

6. Taa mwisho

Balbu 4 za LED za wati 5, zikiwaka saa 5, hula wati-saa 100 kila usiku. Paneli ya wati 50 ikipata saa 4 za jua kali huleta kama 200, kwa hivyo mna nafasi ya siku za ukungu. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 50 hubeba 600, lakini ikimalizwa yote huharibika upesi. Tumieni nusu, yaani usiku 3.

Maswali ya kujadiliana

1. Nyumba tunayoifikiria ina maandishi gani? Nani atayafuata, na lini?
2. Mvua ikinyesha leo, maji yataingia wapi?
3. Tukiwa na pesa za kazi moja tu, tutaanza na ipi?
4. Kazi ikiisha, nani ataweka ufunguo, na nani atakagua paa kila mwaka kabla ya mvua ndefu?

Katibu aandike majibu kitabuni. Mkutano unaofuata uanze na swali la kwanza, na msinunue hata msumari kabla ya kulijibu.