KISUKARI: LINDA MACHO KWA KUTUNZA MWILI MZIMA



Mvuvi wa Koyama au Chovai hangoji dau lijae maji ndipo alikalafati. Mwenye kisukari naye asingoje giza. Ugonjwa huu huanza kuharibu macho wakati bado unaona vizuri, tena bila maumivu. Uoni ukishapotea, mara nyingi haurudi.

Kwa nini macho? Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea picha. Unalishwa na mishipa ya damu myembamba sana. Sukari ikizidi kwa muda mrefu, mishipa hiyo huvuja au huziba. Presha ikipanda, madhara huongezeka. Kwa hiyo dawa ya matone peke yake haitoshi. Mwaka 1998, watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba kudhibiti presha vizuri kulipunguza hatari ya macho ya wagonjwa wa kisukari kuharibika zaidi kwa theluthi moja.

Fanya haya:

1. Tumia dawa kila siku, hata ukijisikia mzima. Kama huna friji, weka insulini katika chombo kilichofungwa vizuri, ndani ya mtungi wa udongo wenye maji, kivulini.

2. Pima presha kila uendapo kliniki. Punguza chumvi. Ng'onda na papa mkavu, loweka kwanza umwage maji.

3. Ugali na wali kula kwa kiasi. Ongeza maharagwe, mboga na samaki. Chai inywe bila sukari. Soda na halua, epuka.

4. Tembea nusu saa kila siku. Acha sigara na tumbaku.

5. Pimwa macho mara tu unapogunduliwa na kisukari, kisha kila mwaka. Mama mjamzito mwenye kisukari apimwe mapema.

6. Kabla ya Ramadhani muone daktari. Usibadilishe dawa mwenyewe.

DALILI ZA HATARI: ukiona vitone vyeusi vingi kwa ghafla, kama pazia linashuka, au jicho limeingia giza, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Usitie jichoni dawa ya mitishamba.

Je, wewe au mzee wako alipimwa macho lini mara ya mwisho? Kama mwaka umepita, mwone mhudumu wa afya wa bloku yenu wiki hii. Na jirani mwenye kisukari asiyejua kusoma, tafadhali msomee ukurasa huu.