Kabla Hujataja Jina la Dawa

Mfamasia mzuri hukuuliza maswali kabla ya kukutajia bei. Mgonjwa ni nani? Ana umri gani, uzito gani? Alianza kuumwa lini, na ameshameza nini? Ana presha, sukari, vidonda vya tumbo au mimba? Ukiingia duka la dawa pale Kipkelion, Chepseon au Londiani ukasema "nipatie ya homa, ya shilingi hamsini", ukafungiwa tembe kwenye kikaratasi bila kuulizwa lolote, umenunua tembe tu, matibabu hujapata. Ushauri wa mfamasia hautozwi pesa, na ndio wengi wetu huuacha kaunta kwa sababu ya haraka au haya.

Hakikisha kwanza unayemwuliza anajua anachouza. Nchini Kenya duka la dawa husimamiwa na mfamasia mwenye digrii au mteknolojia wa dawa mwenye diploma, aliyesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Leseni ya mwaka huu inafaa kuwa ukutani mahali unapoweza kuisoma. Hubandikwa pia nambari maalumu ya usalama; ukiituma kwa ujumbe mfupi kwenda 21031, utajibiwa kama duka hilo linatambuliwa. Huyo kijana aliyeachiwa duka saa ya chakula cha mchana anaweza kukuuzia pamba na sabuni. Kwa dawa ya mtoto, subiri mwenye duka arudi.

Na agroveti si kemisti. Katika eneo la ng'ombe wa maziwa kama letu, maduka hayo mawili hupakana, na wapo wanaoamini kwamba sindano ya ng'ombe ni dawa ile ile kwa bei nafuu. Kipimo chake kilikadiriwa kwa mnyama wa kilo mia kadhaa. Achana nayo.

Mtoto naye hupimiwa dawa kwa kilo, kwa hiyo beba kijitabu chake cha kliniki, kile cha Mama na Mtoto, kwa sababu uzito wake umeandikwa humo. Beba pia pakiti za dawa zozote mgonjwa anazotumia, na useme kama amekunywa miti shamba. Usione haya, mfamasia aliyesomea kazi yake hatakucheka, anataka tu kujua kilichomo tumboni kabla ya kuongeza kingine. Kama foleni ni ndefu na jambo lako ni la siri, mwombe mzungumze pembeni.

Tuje kwenye homa, maana ndiyo inayopeleka watu wengi kaunta. Hapa kwetu homa hubadilika na mwinuko wa ardhi. Reli ya kwenda Kisumu huteremka kutoka Londiani, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ikapita Kipkelion, iliyoitwa Lumbwa enzi za mkoloni, kisha Fort Ternan, Koru na Muhoroni. Kadiri unavyoteremka, joto huongezeka na mbu pia. Huko chini malaria ni jirani wa kila siku. Huku juu huja kwa msimu, hasa baada ya mvua ndefu, na kwa kuwa miili yetu haijaizoea, hata mtu mzima mwenye nguvu zake huangushwa. Katika miaka ya 1990 ilirudi kwa kishindo kwenye mashamba ya chai ya Kericho, na wazee waliokuwa vibarua wakati huo watakusimulia. Kwa hiyo swali la "umesafiri wapi wiki mbili tatu zilizopita?" si udaku. Aliyelala Muhoroni kwenye matanga na asiyetoka Londiani tangu Krismasi hawana homa yenye uzito mmoja.

Hata hivyo, safari si kipimo. Malaria hupimwa kwa tone la damu ya kidole, na majibu hutoka katika muda wa dakika 15 hadi 20 hivi. Baadhi ya kemisti hupima. Kama yako haipimi, nenda zahanati kwanza, urudi na majibu. Kumeza dawa ya malaria kwa kubahatisha kuna ubaya usioonekana mara moja: kama homa ile ilitokana na nimonia, siku tatu zimepita na ugonjwa wenyewe haujaguswa.

Majibu yakithibitisha malaria ya kawaida, dawa ya kwanza nchini ni mchanganyiko wa artemether na lumefantrine, ambao wengi wanaujua kwa kifupi kama AL. Mtu mzima humeza tembe 24: nne mara moja, nne baada ya saa 8, kisha nne asubuhi na nne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Siku ya pili homa hushuka, na hapo ndipo watu huficha zilizobaki kwa ajili ya mgonjwa wa kesho. Maliza zote. Jambo ambalo mfamasia mwenye haraka husahau kulisema ni kwamba lumefantrine huingia mwilini vizuri ikikuta mafuta tumboni. Chai ya rangi haisaidii. Kunywa maziwa yasiyoondolewa malai, au kikombe cha mursik, au uimeze baada ya chakula chenye mafuta. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudi upewe kipimo kingine badala ya kile kilichotoka. Mama mjamzito mwenye homa asitibiwe kaunta; aende kliniki siku hiyo hiyo.

Maziwa hayohayo yanayoisaidia AL huiharibu dawa nyingine. Doxycycline na ciprofloxacin hushikana na madini yaliyo kwenye maziwa, na sehemu ya dawa hupita bila kufanya kazi. Meza kwa maji. Chai nayo huzuia madini ya chuma kufyonzwa, jambo zito kwa akina mama wanaopewa tembe za damu kliniki huku birika likiwa jikoni tangu alfajiri. Acha saa moja au mbili kati ya tembe na kikombe. Kila ukipewa dawa, basi, uliza: niimeze na nini, na nisiimeze na nini?

Mtoto anayehara hahitaji dawa ya kufunga tumbo. Anahitaji ORS na zinki, na vyote viwili ni bei ya chini. Soma pakiti ya ORS kabla ya kuchanganya, kwa sababu nyingine ni za nusu lita na nyingine za lita nzima. Ukikosea, maji yanakuwa ya chumvi mno au mepesi mno. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, na ukifika asubuhi inayofuata mwaga yaliyobaki. Zinki hutolewa kila siku kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa mtoto aliyetimiza miezi sita na 10 kwa mdogo zaidi, hata kuhara kukikoma siku ya tatu. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Kinyesi kikiwa na damu, funga safari ya hospitali.

Mafua na kikohozi cha baridi ya Julai hupona vyenyewe. Mfamasia akikwambia "kunywa vitu vya moto, ulale", amekutendea haki kuliko anayekupa Amoxil kumi. Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haziwezi virusi. Isitoshe, kwa sheria antibiotiki zinahitaji cheti cha daktari. Nusu dozi unayouziwa kwa kuwa mfuko umepungua huwaacha hai bakteria walio sugu, na safari ijayo dawa hiyo haitawashinda. Kama pesa hazitoshi dozi kamili, sema wazi na uulize kama ipo dawa ileile ya kiwanda kingine kwa bei ya chini. Mara nyingi ipo. Kikohozi kinachopita wiki mbili kipimwe kifua kikuu. Kupimwa na kutibiwa katika vituo vya serikali ni bure.

Kwa maumivu ya mgongo na mabega ya kuchuma majani ya chai, paracetamol ndiyo ya kuanza nayo. Mtu mzima asipitishe tembe nane za miligramu 500 kwa saa 24, na akumbuke kwamba tembe nyingi za mafua zina paracetamol ndani yake. Ukimeza zote mbili umejizidishia, na ini ndilo linaloumia. Diclofenac hutuliza haraka, ndiyo maana hupendwa. Lakini huchokonoa vidonda vya tumbo, hupandisha presha na huumiza figo ikizoeleka. Usiifanye ya kila Ijumaa.

Ukungu wa vidole vya miguu, zawadi ya gambuti zinazoshinda na umande, unatibika kaunta kabisa. Omba krimu ya clotrimazole peke yake, upake mara mbili kwa siku, na uendelee wiki mbili baada ya ngozi kupona. Kataa zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi: mwasho hukoma kesho yake, ila ukungu wenyewe huenea chini kwa chini.

Yapo yasiyo ya kemisti hata kidogo. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege au anayelegea na kusinzia ovyo. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa. Mtoto anayehema upesi: hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia, na zikifika 50 kwa wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, au 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, huenda ni nimonia. Mtu mzima mwenye shingo ngumu, anayepayuka au mwenye maumivu ya kifua. Hao ni wa hospitali ya Kipkelion au Londiani, na wakizidiwa zaidi ni wa Kericho. Gharama isikuzuie kuanzia karibu: tangu Oktoba 2024, aliyejisajili na SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii), kwa *147# au kwa wahudumu wa afya wa kijijini, hutibiwa bila malipo kwenye zahanati na vituo vya afya vilivyo kwenye mpango huo. Kabla ya kupanda bodaboda, mwombe mfamasia akuandikie alichokupa na saa ulizomeza. Daktari wa zamu ataanzia hapo.