Majumba ya Masultani wa Unguja: Uanzie Wapi?

Nina siku mbili Unguja na ninataka kuona majumba ya masultani. Nianzie wapi?

Anzia Mtoni. Wageni wengi huanzia Forodhani kwa kuwa ndiko walikofikia, lakini historia yenyewe ilianzia Mtoni. Panda daladala ya Bububu. Mtoni ni kama kilomita 5 kaskazini ya Mji Mkongwe. Hapo pwani ndipo Seyyid Said bin Sultan, aliyehamisha makao yake kutoka Muscat, alipojenga kasri lake la kwanza Unguja. Binti yake Salme alizaliwa humo mwaka 1844.

Lakini Mtoni si magofu tu?

Ni magofu, na ndiyo sababu nakupeleka huko. Hakuna kiti cha enzi cha kukupumbaza. Zimebaki kuta za mawe na chokaa, matao na mahamamu. Ukifika kwenye hamamu, jiulize nani alichota maji na nani alichochea moto. Utajiri wa kasri ulitoka kwenye karafuu, na karafuu zilichumwa na watumwa. Hata watoto wa Seyyid Said waliokuwa hai alipofariki mwaka 1856, wote mama zao walikuwa masuria. Jilfidan, mama yake Salme, alitoka mbali kabisa, milima ya Kaukasi, alikotekwa angali mtoto. Inaniuma kila nikimsikia mtembezaji akipita hapo akisifu bustani na tausi, kisha watu hawa asiwataje.

Kabla ya safari, soma kumbukumbu za Salme zilizotoka mwaka 1886. Hakuna aliyetueleza maisha ya ndani ya Mtoni kama yeye. Ila soma ukijua kwamba ni binti wa sultani anayesimulia, na utumwa aliutetea.

Na Beit el-Ajaib?

Sultani Barghash bin Said, mwana wa Seyyid Said, aliijenga mwaka 1883, ikaja kuwa na umeme na lifti watu wa Unguja wakistaajabu. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mizinga eneo lote la kasri kwa muda usiofika saa moja. Jengo hilo lilisalimika, lakini Desemba 25, 2020, sehemu yake iliporomoka likiwa linakarabatiwa, na watu 2 wakafa. Itazame kutoka bustani ya Forodhani. Jirani yake ni Beit el-Sahel, iliyojengwa upya baada ya mizinga ile na kukaliwa na masultani hadi Mapinduzi ya 1964. Ilipofanywa makumbusho, Salme alitengewa chumba chake. Ulizia kwanza kama wageni wanaingia siku hiyo.

Nivae nini?

Nguo inayofunika mabega na magoti. Mtanzania abebe kitambulisho, kwani kiingilio chake huwa nafuu kuliko cha mgeni.

Nikibakiwa na nafasi ya mahali pamoja tu, Maruhubi au Kidichi?

Maruhubi, kasri la Barghash lililoungua mwaka 1899, lina nguzo nzuri kwa picha. Mimi ningekwenda Kidichi, juu mashambani. Mwaka 1850 Seyyid Said alimjengea mkewe Shehrzade, Mwajemi, hamamu ya kifalme huko, na kutani mafundi wakafinyanga maua na ndege kwa lipu, kwa mtindo wa Uajemi. Ukiingia usiwashe tochi ya simu. Subiri macho yazoee giza, ndege watajitokeza mmoja mmoja.