Mabaka Yanayowasha kwa Mwenye Ugonjwa wa Tezi ya Shingo

Mtu mwenye ugonjwa wa tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo, huweza kuamka mwili umejaa mabaka yaliyovimba na kuwasha. Kufikia jioni yamepotea bila kuacha alama, na kesho yake yanazuka mahali pengine. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani sana, kwa hiyo pitisha kiganja, uvimbe utausikia. Hapo jamaa huuliza: umekula nini? Swali hilo lina upendo ndani yake, lakini likirudiwa kila siku mgonjwa huacha mayai, kisha samaki, kisha maziwa, mpaka anabaki na ugali na mchicha. Anakonda, na mabaka bado yapo.

Yakiendelea kurudi kwa zaidi ya wiki 6, chanzo ni nadra kuwa chakula. Ugonjwa wa Hashimoto, uliopewa jina la daktari wa Japani aliyeueleza mwaka 1912, hudhoofisha tezi. Ule wa Graves huifanya itoe homoni kupita kiasi. Yote mawili hutokea kinga ya mwili inapoigeukia tezi yenyewe. Kinga hiyo hiyo huweza kuchokoza seli za ngozi zenye akiba ya histamini. Histamini ikimwagika, mishipa midogo ya damu huvujisha maji, ngozi ikafura na kuwasha.

Samaki ni habari nyingine

Jodari, vibua na dagaa wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yao. Kuwakaanga au kuwachemsha hakuiondoi. Ndani ya muda mfupi baada ya kula, uso huwaka, kichwa huuma, moyo hudunda, na mwenye ugonjwa wa tezi hudhani homoni zimepanda. Watazame wenzake waliokula sahani moja naye: wakiwa na dalili zilezile, huenda tatizo ni samaki. Nunua aliyelazwa kwenye barafu, umpike siku hiyo hiyo.

Dawa

Kwa mtu mzima, daktari au mfamasia kwa kawaida huanza na dawa ya mzio, setirizini au loratadini ya miligramu 10 mara moja kwa siku. Inywe kila siku kama ulivyoelekezwa, hata siku ambayo ngozi imetulia, maana kazi yake ni kuzuia. Isipotosha, daktari anaweza kuongeza kipimo, usijiongezee. Piriton, iliyozoeleka majumbani, huleta usingizi mzito, na dereva wa bodaboda hafai kuinywa akiwa kazini. Prednisoloni hutuliza haraka, ndiyo maana watu huizoea. Ikitumiwa muda mrefu hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Dawa za maumivu kama aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huweza kuchochea mabaka, basi muulize mfamasia kuhusu parasetamoli.

Mwenye kutumia levothairoksini, homoni ya tezi iliyo katika kidonge, asiiache kwa sababu ya muwasho. Aimeze kwa maji matupu tumbo likiwa tupu, angalau nusu saa kabla ya chai, na vidonge vya madini ya chuma au kalisi vingoje saa 4. Homoni zikikaa sawa, wengine hupata nafuu ya ngozi pia, ingawa si wote.

Kwa anayetumia kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni za tezi, vipele vyaweza kutokana na dawa yenyewe, amweleze daktari. Lakini akipata homa, koo likauma au vidonda vikatoka mdomoni, asimeze kidonge kinachofuata. Aende hospitali siku hiyo hiyo apimwe chembe nyeupe za damu, kwani dawa hii mara chache huzishusha hadi kuhatarisha maisha.

Usingoje kupambazuke

Ulimi au midomo ikivimba, sauti ikikwama, kifua kikibana au mgonjwa akizimia, kidonge cha mzio hakitoshi. Anahitaji sindano ya adrenalini kwenye paja. Mlaze chali na umwinulie miguu. Akishindwa kupumua mwache akae, lakini usimtembeze. Tafuteni gari mara moja, na mchukue pakiti za dawa zake zote. Kama miongoni mwake kuna propranololi, inayotolewa kutuliza mapigo ya moyo, mwambieni mhudumu mkifika mlangoni, kwa sababu huweza kupunguza nguvu ya adrenalini.