Fundi, Nikiiflashi Itakaa na Chaji?

Kaskazi imeingia, na meza yangu hapa Mbweni imejaa simu zisizokaa na chaji. Barua nazo hazikubaki nyuma. Nimechagua zile zilizonikera na zilizonitia hofu.

Nimeambiwa nikiiflashi simu, betri itarudi kuwa mpya. Ni kweli?
*(Wasomaji watatu: Chukwani, Mazizini na Kiembesamaki)*

Nyote mmeuliza jambo moja. Si kweli, na aliyechukua pesa zenu kwa ahadi hiyo amewadhulumu. Betri ya lithiamu huchakaa kwa kemia yake. Baada ya kuijaza na kuimaliza mara 500 hivi, betri nyingi za simu hubaki na kama asilimia 80 ya uwezo wa mwanzo. Joto huharakisha uchakavu huo, nasi tunaziacha simu juu ya dashibodi jua la saa saba. Romu mpya, yaani mfumo wa simu unaowekwa kwa kuflashi, inaweza kubadilisha namna umeme unavyotumika. Haiwezi kurudisha uwezo uliokwishapotea. Mtungi unaovuja hauponi kwa kubadilisha kata.

Nikishaweka romu mpya, ni lazima nifute takwimu za betri ili chaji idumu?

Hapa mnivumilie, maana uzushi huu umenichosha kwa miaka. Faili mnaloambiwa mlifute linaitwa batterystats.bin. Kazi yake ni kuandika programu ipi imetumia umeme kiasi gani tangu simu ilipochomolewa kwenye chaji. Basi. Ile asilimia mnayoiona juu ya kioo haitoki humo. Inatokana na vipimo vya umeme wa betri yenyewe. Januari 2012, Dianne Hackborn, mhandisi wa Android katika Google, alieleza waziwazi kwamba faili hilo haligusi asilimia inayoonyeshwa wala muda wa chaji kudumu, na kwamba hujifuta lenyewe kila simu inapochomolewa ikiwa imekaribia kujaa. Miaka yote hii, bado watu wanatozwa kwa kazi hiyo! Mwenye duka akilichana daftari la mauzo, gunia lake la mchele haliongezeki hata kibaba.

Mtaniambia, "Lakini yangu ilitengemaa." Ilitengemaa kwa sababu kuflashi kuliondoa programu zote zilizokuwa zikifanya kazi chinichini. Ukizirudisha moja baada ya moja, utarudi ulikotoka. Na wewe uliyeona chaji inaisha upesi zaidi siku mbili za mwanzo, subiri: simu ilikuwa inazipanga upya programu na kuvuta tena picha na ujumbe wako. Asilimia ikiruka kutoka 30 hadi sifuri, ijaze hadi juu, itumie mpaka ijizime, kisha ijaze tena, mara moja tu. Ikiendelea kuruka, nunua betri. Usifanye hivyo kila wiki, kwani kuimaliza kabisa nako kunaichosha.

Kwa hiyo romu hazina faida yoyote?

Zinayo, hasa kwa simu iliyotelekezwa na kampuni yake. Samsung Galaxy S5 ya 2014 iliachwa kwenye Android 6. LineageOS, mradi wa romu ulioanza mwishoni mwa 2016 mtangulizi wake, CyanogenMod, ulipofungwa, uliifikisha Android 11. Hapo unapata usalama kwanza. Kuhusu chaji, unapona na programu zilizokuja na simu bila wewe kuziomba. Lakini romu isiyopatana na vifaa vya simu huifanya isilale: kioo kimezimwa, prosesa iko macho. Pima mwenyewe. Zima data usiku, andika asilimia, tazama alfajiri. Ikipungua mbili au tatu, inalala. Ikipungua ishirini na hakuna programu iliyobaki ikifanya kazi, romu hiyo haifai.

Nina Tecno. Niweke LineageOS?

Simu nyingi za Tecno, Infinix na itel hazimo katika orodha yake rasmi. Toleo la kuokota usiweke.

Baada ya kuflashi, mtandao umepotea. Fundi anataka kuandika IMEI nyingine.

Chukua simu yako uondoke. Kubadili IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na mnakumbuka Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilivyozizima simu bandia kwa namba hizohizo. Fundi makini huweka nakala ya sehemu yenye IMEI kabla hajagusa chochote, na hukwambia mapema kwamba kufungua butiloda, kufuli linalozuia kuweka romu nyingine, hufuta kila kilichomo. Mama wa Bweleo uliyepoteza picha za marehemu mumeo, barua yako nimeisoma mara mbili. Ulistahili kuambiwa, na hukuambiwa. Pole sana, mama.

Mfuniko wa nyuma umenyanyuka, betri imevimba. Niitoboe?

Usiitoboe, usiichaji, usilale nayo chumba kimoja. Inaweza kuwaka. Izime, uilete leo.