Linki ni Kama Mdhamini: Pandisha Tovuti Yako kwenye Google Bila Kununua Hewa

Umefungua tovuti ya biashara. Umeweka picha, bei, nambari ya simu na nambari ya Till ili mteja alipe bila kusumbuka. Lakini ukiandika kwenye Google "nyumba ya wageni Maua" ama "makadamia Embu", tovuti yako haionekani hata ukurasa wa tatu. Halafu siku moja unapata ujumbe kwenye WhatsApp: "Tunakupa linki 500 kwa KSh 3,000 pekee. Utakuwa wa kwanza Google ndani ya wiki mbili. Tuma pesa kwa nambari hii."

Kabla hujaweka PIN, soma hadi mwisho. Leo tunaangalia linki ni nini, kwa nini Google inazijali, na jinsi mfanyabiashara wa Meru ama Embu anavyoweza kuzipata bila kutapeliwa.

Google inaonaje linki?

Linki, ama kiungo, ni yale maandishi ambayo ukiyabonyeza yanakupeleka ukurasa mwingine. Hapa tunazungumzia zile zilizo kwenye tovuti za watu wengine na zinazoelekea kwako.

Larry Page na Sergey Brin walianza kulifanyia kazi jambo hili wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kabla ya kusajili kampuni ya Google mwaka wa 1998. Wazo lao, waliloliita PageRank, lilikuwa hivi: ukurasa ambao kurasa nyingine zinauelekezea watu huenda una jambo la maana. Na kama kurasa hizo zenyewe zinaaminika, basi zina uzito zaidi.

Kama uko kwenye Sacco, hili unalijua tayari. Ukiomba mkopo unatafuta wadhamini, na kamati inawaangalia kwa makini:

1. Mdhamini ni nani? Mwenye akiba nzuri na jina safi ana uzito kuliko aliyejiunga jana.
2. Amedhamini wangapi? Akiwa amewatilia sahihi watu 400, ile sahihi yako ya 401 haina nguvu. Kwa Google pia, wazo la tangu mwanzo ni kwamba nguvu ya ukurasa hugawanywa kwa linki zote zinazotoka kwake.
3. Anakujua kweli? Mwalimu mwenzako kukudhamini inaeleweka. Mtu wa mbali asiyejua hata unauza nini, hapo kamati itashtuka.

Kwa hivyo linki moja kutoka tovuti ya chuo kikuu, gazeti ama chama cha wafanyabiashara inaweza kushinda mamia ya linki kutoka tovuti zisizojulikana.

Linki si kila kitu, lakini. Kwa biashara za mtaani, Google inasema inaangalia mambo matatu: kama unauza kile mtu anachotafuta, umbali kati yake na wewe, na umaarufu wako. Linki na makala zinazokutaja zinaingia kwenye hilo la tatu. Google pia inasema wazi kwamba huwezi kuilipa ili ikupandishe kwenye matokeo hayo ya mtaani. Ukilipia tangazo, litaonekana kama tangazo.

Wale wanaouza linki wanauza nini?

Mara nyingi wanauza hewa. Wana tovuti nyingi zisizo na wasomaji, na kazi yake ni moja tu: kubeba linki za yeyote aliyelipa. Leo inabeba ya duka lako la mbegu Runyenjes, kesho ya kasino ya ng'ambo. Huyo ndiye mdhamini wa watu 400.

Kuna kisa kinachojulikana sana kwenye taaluma hii. Mwezi wa Februari 2013, Interflora ya Uingereza, kampuni kubwa ya kuuza maua, ilishushwa na Google kiasi kwamba ulikuwa ukitafuta hata jina lake hulioni mbele. Magazeti ya mikoani yalikuwa yamechapisha makala za matangazo zenye linki za kuielekea. Ilirudi baada ya siku kadhaa, ikiwa imeshafanya kazi ya kusafisha linki hizo. Kampuni kubwa yenye wataalamu ilipona. Kibanda cha maua cha Timau kitapona?

Siku hizi adhabu ya wazi kama hiyo si lazima. Mfumo wa Google wa kupambana na linki chafu, Penguin, ulianza Aprili 2012, na mwaka wa 2016 uliingizwa ndani ya mfumo mkuu ukawa unafanya kazi muda wote. Mnamo Desemba 2022 Google ilitangaza kwamba inatumia programu yake ya SpamBrain kutambua linki zilizonunuliwa na kuziondolea nguvu. Yaani unaweza kulipa KSh 3,000, linki 500 ziwekwe kweli, uonyeshwe orodha yake, na bado usisonge hata hatua moja. Huwezi hata kusema hukupewa ulichonunua. Ulipewa, ila hakina thamani.

Ndiyo maana tunakuomba uwe macho ukiona ishara hizi:

- Anakuahidi nafasi ya kwanza. Google yenyewe inaonya kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia hilo.
- Anataja idadi ya linki, lakini hataki kukuonyesha tovuti zitakakotoka kabla hujalipa.
- Anataka pesa zote mbele, zitumwe kwa nambari ya mtu binafsi, na jina linalotokea kwenye simu si lile alilojitambulisha nalo.
- Anakuharakisha: "ofa inaisha leo saa kumi."
- Anaomba nywila ya tovuti ama ya barua pepe yako. Na akiomba PIN ya pesa, kata simu.

Pesa uliyotuma kwa hiari yako kwa huduma "iliyotolewa" ni ngumu sana kurudisha. Ukiajiri mtu wa kukusaidia, lipa kwa Till ama Paybill ya biashara, kwa awamu, na uhifadhi ujumbe wa kila malipo.

Linki za halali Meru na Embu utazipata wapi?

Hatua ya 1: Andika ukurasa unaostahili kutajwa. Hakuna anayepeleka wasomaji wake kwenye ukurasa unaosema tu "karibuni, tuna bei nafuu". Andika kitu ambacho wewe unakijua na mtu wa mbali hakijui.

Tuseme una nyumba ya wageni Maua. Wageni wengi wa Mbuga ya Wanyama ya Meru hupitia hapo wakielekea lango la Murera. Andika mwongozo kamili: matatu zinapandwa wapi Meru mjini, barabara ikoje wakati wa mvua, mafuta ya gari na chakula vinunuliwe wapi kabla ya kufika langoni. Mwenye kampuni ya utalii Nairobi akiuona, ana sababu ya kuwatuma wateja wake kwako.

Ama tuseme unauza makadamia Embu. Mamlaka ya Kilimo na Chakula, AFA, hutangaza msimu wa kuvuna kwa sababu kokwa changa huharibu soko. Eleza kwa picha kokwa iliyokomaa inaonekanaje ikipasuliwa, na mkulima azikaushe vipi. Ukurasa huo utatajwa na wanaoandika kuhusu kilimo, na mnunuzi ataona kwamba unaijua kazi.

Hatua ya 2: Anza na wanaokujua. Chukua karatasi, andika majina ya wote mnaofanya biashara pamoja na wana tovuti: anayekuuzia bidhaa, hoteli unayoipelekea mboga, shule unayoishonea sare, chama chako cha ushirika. Kama ni mwanachama wa KNCCI, yaani Chama cha Kitaifa cha Wafanyabiashara na Viwanda, uliza tawi lako kama lina orodha ya wanachama mtandaoni. Kama umewahi kupokea wanafunzi wa mafunzo ya nyanjani kutoka Chuo Kikuu cha Embu ama Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, uliza idara yao kama wana ukurasa wa washirika.

Ujumbe usiwe mrefu. Mfano:

"Habari ya asubuhi Madam. Ni sisi tunaowaletea asali kila Jumanne. Tumeona kwenye tovuti yenu mna ukurasa wa wanaowauzia bidhaa. Tungeshukuru mkitutaja hapo na kuweka linki ya tovuti yetu. Nasi tumewaweka kwenye orodha ya mahali asali yetu inapatikana. Asante sana."

Kutajana namna hii kwa wanaofanya kazi pamoja ni kawaida. Kinachokatazwa ni kubadilishana linki kwa wingi na watu msiohusiana.

Hatua ya 3: Toa habari, usiombe matangazo. Redio kama Muuga FM kwa Kimeru na Wimwaro FM kwa Kiembu, pamoja na magazeti ya kitaifa, hutafuta watu wa mashinani wa kuzungumza nao. Ukiwa na jambo la kweli, kwa mfano umeanza kununua maziwa kutoka kwa kina mama wa kijiji fulani na kuwalipa kwa simu kila wiki, mwandikie mwandishi. Makala ikitoka, omba kwa upole waweke linki.

Hatua ya 4: Tafuta mahali ulipotajwa bila linki. Andika jina la biashara yako kwenye Google ndani ya alama za kunukuu. Huenda kuna mtu alikusifu mwaka jana akasahau kukuelekeza. Kumwomba aongeze linki ni kazi ya dakika tano, na ndiyo rahisi kuliko zote.

Na ukidhamini mashindano ya soka ya mtaa, wakuweke kwenye tovuti yao? Sawa kabisa. Lakini linki iliyolipiwa inafaa kuwekewa alama ya "sponsored" ama "nofollow" kwenye msimbo wa ukurasa, na fundi wa tovuti anajua kufanya hivyo. Haitakupandisha kwenye Google, lakini itakuletea wateja, na wateja ndio tunaowatafuta.

Usipoteze ulichojenga

Kuna hasara ambayo wengi hawaioni mpaka imefika. Linki zote ulizozipata kwa mwaka mzima zinaelekea kwenye jina la tovuti yako, tuseme lile linaloishia na .co.ke. Jina hilo hulipiwa kila baada ya muda. Usipolilipia linakatika, na kila linki inaelekea pasipo na kitu. Mbaya zaidi, mtu mwingine anaweza kulisajili, akavuna ulichopanda.

Kwa hivyo hakikisha limesajiliwa kwa jina lako na barua pepe yako, si za fundi. Weka tarehe ya kulipa kwenye kalenda ya simu, mwezi mmoja kabla. Na ukibadilisha tovuti, mwambie fundi azielekeze kurasa za zamani kwenye mpya.

Kupima matokeo, fungua akaunti ya Google Search Console, ni bure. Sehemu ya linki itakuonyesha ni nani wanaokuelekezea watu, na sehemu ya utendaji itakuonyesha watu waliandika maneno gani wakakuona. Angalia mara moja kwa mwezi. Mabadiliko huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kwa hivyo usikate tamaa Jumatatu ya pili.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayekujia WhatsApp na linki 500 anajitembeza. Wiki hii andika ukurasa mmoja wenye faida kwa msomaji, na utume ujumbe kwa watu watatu wanaokujua. Ile KSh 3,000 iweke, itatosha kuongeza stoki.