SOMO: Kanuni za gereza na namna mahakimu wanavyopaswa kuzisoma



Katika makambi, na katika familia zinazopokea wakimbizi wa ndani, tunaulizwa mara nyingi: "Mtoto wetu amefungwa. Mlinzi anasema serikali haina chakula, tena kanuni ya gereza inakataza tumwone. Tufanye nini?" Katika somo hili tunaeleza jambo moja: kanuni ya gereza haisomwi peke yake.

1. Kanuni iko chini ya sheria

Kila gereza lina kanuni: saa ya kuamka, siku za kutembelewa, adhabu za wakosaji. Zinahitajika, kwa sababu pasipo utaratibu wanyonge ndio wanaoumia kwanza. Lakini juu ya kanuni kuna sheria, na juu ya sheria kuna Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006.

Kifungu cha 18 kinasema kwamba kila mfungwa atendewe kwa namna inayolinda uhai wake, afya ya mwili na ya akili, na heshima yake. Kifungu cha 153 kinawaagiza mahakimu, wa kiraia na wa kijeshi, watumie mikataba ya kimataifa ambayo nchi imeikubali, na kanuni za serikali iwapo tu zinapatana na sheria. Basi kanuni inayomnyima mfungwa heshima yake, hakimu hana ruhusa ya kuifuata.

2. "Pesa hakuna" si jibu

Mwaka 1994 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa uamuzi juu ya Albert Mukong, mwandishi wa habari wa Kamerun. Alieleza kwamba alifungwa pamoja na watu 25 hadi 30 katika chumba cha meta za mraba 25 hivi, na kwamba mwanzoni hakupewa chakula. Kamati ilisema kuna mambo ya chini kabisa ambayo kila nchi itimize, hata kama ni maskini: nafasi na hewa ya kutosha, choo, nguo zisizomdhalilisha mtu, kitanda chake mwenyewe, na chakula cha kumtunza afya.

Kamati hiyo si mahakama, lakini ndiyo inayofafanua Mkataba wa Haki za Kiraia na za Kisiasa, ambao nchi yetu iliuingia mwaka 1976. Kwa hiyo uamuzi huo unaweza kutajwa mbele ya mahakimu wetu.

3. Mfungwa anapoteza nini?

Anapoteza uhuru wa kutembea, pamoja na yale yasiyoepukika katika kufungwa. Haki nyingine anabaki nazo. Mkubwa wa gereza anaweza kupanga siku za kutembelewa, lakini hawezi kuzigeuza kuwa biashara, wala kufanya familia isimwone ndugu yao kamwe. Na aliye mikononi mwa polisi ana haki ya kuwasiliana mara moja na jamaa au mwanasheria wake. Baada ya saa 48 aachiliwe au apelekwe mbele ya sheria.

4. Kwa familia na viongozi

– Andikeni tarehe, saa, na kile mlichokataliwa.
– Ulizeni kwa upole: "Kanuni hiyo imeandikwa wapi?"
– Mwandikieni mkubwa wa gereza, kisha parke, na mbaki na nakala.
– Msiende kwa fujo. Ndugu yenu ndiye atakayelipa.
– Pale vita vimefunga mahakama, tunzeni maandishi. Siku yake itafika.

Tukimtetea mfungwa hatusemi kwamba hana kosa. Kosa lina hakimu wake. Lakini njaa na ugonjwa si hukumu iliyotolewa na hakimu yeyote, na kijana anayetoka gerezani amedhalilishwa hurudi kijijini na uchungu utakaotusumbua sisi sote.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni kanuni gani za gereza mnazoziona za haki, na zipi si za haki?
2. Nani kati yetu anaweza kusindikiza familia inayoogopa kwenda peke yake?